Mpuliziaji wa salfa ni mfanyakazi, na aliyemwita shambani ana wajibu kwake

Msimu wa kupulizia mikorosho umefika katika mikoa ya Mtwara na Lindi, na malalamiko yanayotufikia sisi tunaokagua usalama na afya mahali pa kazi yameanza kuongezeka tangu mifuko ya salfa, unga unaopuliziwa mikorosho kuikinga na ugonjwa wa ukungu, iliposhushwa kwenye maghala ya AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima. Mengi yanatoka kwa vijana wanaobeba mashine za kupulizia kwa ujira wa kuhesabu miti. Wanaeleza kwamba macho huwawasha usiku kucha, kifua hubana, na ngozi ya shingoni na kwapani hubabuka pale jasho linapochanganyika na unga. Wanapomwomba mwenye shamba miwani na barakoa, hujibiwa kwamba kibarua huja na vifaa vyake. Jibu hilo halina msingi katika sheria, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, ilichukua nafasi ya sheria ya enzi ya ukoloni iliyoshughulika na viwanda. Tangu hapo wajibu wa mwajiri haukomei tena kwenye geti la kiwanda, bali unafika mahali pengine pa kazi, shamba likiwemo. Miaka zaidi ya 20 imepita, na bado tunaambiwa katika mikutano ya vijiji kwamba wakaguzi wamepotea njia, waende bandarini au kwenye viwanda vya kubangua korosho. Ninaomba jambo hili lieleweke. Ukimwita mtu akufanyie kazi kwa malipo, ukampangia miti ya kuanza nayo na saa ya kumaliza, umekuwa mwajiri wake kwa kazi hiyo, hata kama ni ya asubuhi moja na hamkuandikishana popote. Kinga inayohitajika kwa kazi yenye kemikali inatolewa na mwajiri, na gharama yake haikatwi kwenye ujira. Mfanyakazi naye ana wajibu wa kuivaa na kuitunza, na anayeivua kwa makusudi baada ya kupewa anakiuka sheria ile ile.

Mkaguzi anapofika shambani hujitambulisha kwa kitambulisho chake, huuliza nani anasimamia kazi, hukagua mashine, mahali pa kuhifadhia viuatilifu na mavazi ya wapuliziaji, kisha huandika alichokiona. Kasoro zinazorekebishika huandikiwa hati inayotaja jambo la kurekebisha na muda wake. Penye hatari ya papo hapo, mathalani mashine inayovuja petroli mgongoni mwa mtu, kazi husimamishwa mpaka kasoro iondolewe. Anayepuuza hati hufikishwa kwenye hatua za kisheria, ambazo zinaweza kuishia kwenye faini au kifungo. Jambo lisilo na mjadala ni la watoto: kupulizia, kuchanganya dawa na kubeba mifuko ya salfa ni kazi hatarishi, na aliye chini ya umri wa miaka 18 haruhusiwi kuajiriwa katika kazi ya namna hiyo. Maelezo kwamba mtoto "alikuwa anamulika tochi tu" tumeyasikia mara nyingi, na hayabadilishi chochote, kwa sababu anayemulika anavuta vumbi lile lile.

Kuhusu salfa yenyewe, kauli kwamba "ni unga tu, haiui" imewaumiza watu wengi. Ni kweli kwamba sumu yake ni ndogo ikilinganishwa na viuatilifu vingi vya maji, lakini vumbi lake huchokoza macho, ngozi na njia ya hewa, na mwenye pumu anaweza kubanwa vibaya baada ya muda mfupi. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembechembe ndogo kiasi hicho, na kikilowa jasho huishikilia salfa karibu na ngozi ya uso. Kinachohitajika ni barakoa yenye chujio la vumbi, miwani inayoziba pembeni, glavu, ovaroli yenye mikono mirefu, na buti za mpira ambazo suruali inashuka juu yake, isiingizwe ndani. Wapuliziaji husema mavazi haya yana joto. Yana joto, sikatai, na ndiyo sababu mojawapo ya kufanya kazi hii alfajiri, wakati ambapo pia umande uliopo kwenye majani na maua huushika unga na upepo bado umetulia. Anayepulizia saa sita mchana anapoteza salfa na kuumiza mapafu yake kwa wakati mmoja.

Wapo wanaoamini kwamba kunywa maziwa baada ya kupulizia husafisha kifua. Maziwa hayasafishi kifua. Hayana njia ya kufika kwenye mapafu, na kwa baadhi ya viuatilifu mafuta yaliyomo yanaweza kusaidia sumu kufyonzwa haraka zaidi tumboni. Mwenye shamba anayewanunulia wapuliziaji pakiti za maziwa kila siku ana nia njema, ila fedha hizo zingetosha kununua barakoa.

Hatari inayosahaulika kabisa ni moto. Salfa huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 115 na huwaka kwa urahisi, na moshi wake ni gesi inayochoma koo na mapafu. Unga mkavu unapopita kwa kasi kwenye bomba la plastiki hutengeneza umeme tuli unaoweza kutoa cheche, na kwa sababu hiyo mashine nyingi za kupulizia unga huja na waya au mnyororo mwembamba wa kuupeleka umeme huo ardhini. Nimekagua mashine ambazo waya huo ulikatwa kwa sababu unanasa kwenye magugu. Urudishwe. Injini izimwe na ipoe kabla ya kuongezwa petroli, na sigara isikaribie kabisa mahali pa kujazia.

Katika vijiji vingi vya Newala na Tandahimba mikorosho imesimama hatua chache kutoka ukutani mwa nyumba, na maji ya mvua ya kwenye bati ndiyo yanayonywewa miezi mingi ya kiangazi. Vumbi linalotua kwenye bati leo litaoshwa na mvua ya kwanza hadi kwenye tangi. Majirani waarifiwe jana yake, matangi na visima vifunikwe, mfereji wa bati utenganishwe na tangi hadi mvua za mwanzo ziishe kuosha paa, na wagonjwa na watoto wasiwepo upande unakoelekea upepo. Madumu ya dawa ya maji yasuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishwe kwenye bomba la kupulizia, kisha madumu yatobolewe. Dumu zuri ni kishawishi kikubwa mahali penye shida ya maji, nalifahamu hilo, lakini halifai kuchotea maji hata likioshwa kwa sabuni.

Salfa ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, bila kusugua. Aliyemwagikiwa dawa ya maji avuliwe nguo mara moja na aoshwe kwa maji mengi na sabuni. Akitokwa na jasho jingi na mate, akitetemeka au mboni zake zikisinyaa, apelekwe zahanati bila kusubiri kuona kama atapata nafuu, na asitapishwe. Anayempeleka abebe chupa yenye lebo, au lebo peke yake kama chupa inavuja, kwa kuwa mganga atachagua tiba kwa kuangalia kiambato kilichoandikwa pale, wala si kwa kuambiwa kwamba ilikuwa "ile dawa ya mikorosho".