Je, wajua kwa nini daktari wa moyo huacha kura iamue nani apewe dawa?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba katika jaribio la dawa wapo wenye bahati na wapo wa kuonewa. Wenye bahati hupewa dawa mpya. Wa kuonewa hupewa kidonge kisicho na dawa ndani, kisha wanatazamwa tu. Daktari bingwa wa moyo anayekubali kompyuta ipige kura kati ya wagonjwa wake nilimwona mtu aliyeuweka udaktari kando ili apate takwimu.

Nilikosea, tena kosa lenyewe lilikuwa mwanzoni kabisa. Ili wa kidonge kitupu wawe wameonewa, lazima tuwe tunajua tayari kwamba dawa inafaa. Tukijua hivyo, jaribio la nini? Jaribio huwepo kwa sababu daktari hajui, na mara nyingine kwa sababu ana uhakika wa jambo ambalo hajawahi kulipima. Hali hiyo ya pili ndiyo ya hatari.

Miaka ya 1980 madaktari wa moyo walikuwa na hoja iliyonyooka. Mtu akipata mshtuko wa moyo, sehemu ya msuli wa moyo hufa na kuacha kovu. Baadaye wengi huonyesha mapigo ya ziada, yale yanayoingia kabla ya zamu yake, na wenye mapigo hayo kwa wingi hufa ghafla mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Zikapatikana dawa mbili, enkainaidi na flekainaidi, zilizoyafuta mapigo hayo vizuri ajabu. Basi futa mapigo, mtu apone. Jaribio kubwa lilipoandaliwa Marekani kuhakikisha, likiitwa CAST kwa kifupi, walikuwepo madaktari waliosita kuingiza wagonjwa wao: utamnyimaje mtu dawa ambayo karatasi ya kipimo inakuonyesha inafanya kazi? Ningekuwepo, ningesimama upande wao bila kufikiri mara mbili.

Waliopigiwa kura ni wale tu ambao mapigo yao yalikwisha kuonekana kutulia kwa dawa, kwa hiyo dawa ilicheza uwanja wa nyumbani. Mwezi wa Aprili 1989 sehemu ya dawa hizo mbili ilisimamishwa. Kwa wastani wa miezi 10 ya ufuatiliaji, kati ya watu 755 waliopewa dawa walifariki 63. Kati ya 743 waliopewa kidonge kitupu walifariki 26. Wale wangu wa kuonewa ndio walionusurika zaidi.

Dawa inatulizaje mapigo na kuua mwenye mapigo? Fikiria moto unaokimbia kwenye nyasi kavu. Unapopita huacha majivu, na penye majivu hapawaki tena mpaka nyasi ziote. Pigo la moyo ni moto wa namna hiyo, ila wa umeme: huanzia juu, hushuka, huenea kote, hukosa cha kuunguza, huzimika. Nyasi za moyo huota upya haraka mno, chini ya nusu sekunde, tayari kwa moto unaofuata.

Sasa weka mwamba katikati ya nyika. Huo ndio kovu. Moto hupita kushoto na kulia, hukutana nyuma ya mwamba na kuzimana, kwa kuwa kila upande umekuta majivu ya mwenzake. Lakini siku upande mmoja ukiwa na unyevu, moto hupita upande wa pili peke yake, unauzunguka mwamba na kurudi ulikotoka. Ukiwa wa kasi, unakuta majivu na kufa. Ukiwa wa polepole, unakuta nyasi zimeshaota, na duara linaanza upya bila mwisho. Moyo ulionaswa na duara hilo hutetemeka badala ya kusukuma damu. (Mwamba wa kweli hauna nyasi hata kidogo, kovu la moyo limepenywa na nyuzi za msuli ulio hai, njia nyembamba ambamo moto hujikokota hata kabla ya dawa.)

Enkainaidi na flekainaidi huziba milango ya sodiamu kwenye seli, vitundu vinavyopitisha chembe za sodiamu zenye chaji ya umeme, na milango hiyo ndiyo inayoupa moto kasi. Cheche zikawa ngumu kuwaka, ndiyo maana mapigo ya ziada yalitoweka kwenye karatasi. Moto nao ukapungua mwendo. Cheche zilibaki chache, lakini moja iliyobaki ilikuta nyika imeandaliwa.

Maelezo haya yanategemea sana maabara na majaribio ya wanyama. Kwa mgonjwa mmoja mmoja aliyefariki, huwezi kuthibitisha kwamba duara ndilo lililomwua. Yapo pia makadirio ya jumla ya watu waliopotea kwa dawa za aina hii kabla ya 1989, lakini ni hesabu za kukisia, nami siyategemei. Wala flekainaidi haikugeuka sumu kwa kila mtu: hadi leo hutumika kwa baadhi ya wagonjwa ambao moyo wao hauna kovu. Bila mwamba, duara hili linakosa cha kuzunguka.

Lililonisumbua ni kwamba daktari makini, mwenye uzoefu, asingeweza kuliona hili kliniki kwake. Katika wagonjwa wake 100 wenye dawa wangefariki kama 8, pasipo dawa 3 au 4, na kila kifo kingekuwa na maelezo tayari: si alikuwa na ugonjwa wa moyo? Walio hai wangekuja kumshukuru.

Dawa ya tatu, morisizini, iliendelea kupimwa. Katika siku 14 za mwanzo, watu 17 kati ya 665 waliopewa dawa walifariki au mioyo yao ilisimama, dhidi ya 3 kati ya 660 wasioipata. Nayo ikasimamishwa, mwaka 1991.

Na waandaaji wa CAST, walipopanga hesabu zao mara ya kwanza, walichagua kipimo cha upande mmoja tu: dawa inasaidia, au haisaidii. Kamati huru ya kuangalia usalama ndiyo iliyotaka kuwe na kikomo cha kusimamisha jaribio upande wa pili pia, ule wa madhara.