Makaa ya petroli si makaa ya mawe

Ukipita kando ya kiwanda cha saruji ukaona rundo jeusi lenye mng'ao kidogo, usiharakishe kusema ni makaa ya mawe. Huenda ni makaa ya petroli, au petikoki kama wanavyoyaita viwandani. Hayakuchimbwa mgodini: ni masalia ya mwisho kabisa ya mafuta ghafi.

Mafuta ghafi yanaposafishwa, petroli, mafuta ya taa na dizeli hutangulia kutoka. Chini hubaki uji mzito mweusi, ndugu wa lami. Viwanda vyenye mtambo maalumu huupasha uji huo moto hadi karibu nyuzi 500 za Selsiasi, kisha huumimina kwenye matangi marefu ya chuma. Humo sehemu nyepesi hupanda kama mvuke, zikaenda kutengenezwa dizeli zaidi, na kaboni hugandia tangini mpaka linakaribia kujaa. Kulitoa gandi hilo ni shughuli pevu: tangi hupozwa, hufunguliwa juu na chini, halafu maji yenye shinikizo kubwa mno hushushwa ndani kulikata, nalo huporomoka mapande mapande. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilichoacha kusafisha mafuta mwaka 2013, hakikuwa na mtambo wa namna hiyo.

Kwa joto, makaa haya yana nguvu. Kilo moja hutoa takriban megajuli 32 hadi 35. Makaa mengi ya mawe hutoa 20 hadi 28, na kuni kavu kama 16 hivi. Majivu yake kwa kawaida hayafiki asilimia 1, ilhali makaa ya mawe huweza kuacha asilimia 10 au zaidi. Hapo ndipo utasikia yakisifiwa kuwa nishati safi, sifa ambayo mimi siikubali. Uchafu wake hauonekani kwenye majivu, uko kwenye moshi. Yale ya kuchomwa viwandani mara nyingi yana salfa asilimia 3 hadi 7, pamoja na metali kama vanadi na nikeli. Na kwa kila gigajuli (megajuli 1,000) ya joto hutoa takriban kilo 97 za hewa ukaa, juu kidogo ya makaa ya mawe. Gesi asilia hutoa kama 56.

Tena hayashiki moto upesi, kwa sababu yana gesi chache za kuwaka. Kiwandani husagwa yakawa unga laini ndipo yapulizwe tanurini. Kwa hiyo ukiuziwa kama mbadala wa mkaa wa jikoni, kataa: yatakusumbua kuwasha, na moshi wake wa salfa utakukaba koo.

Tanuri la saruji linayamudu kwa sababu ya chokaa. Chokaa huidaka salfa, na sehemu kubwa huishia ndani ya klinka, yaani vinundu vigumu vinavyosagwa kuwa saruji, badala ya kupanda na moshi. Ingawa salfa ikizidi, tanuri huanza kuziba kwa utando mgumu. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya India ilipiga marufuku makaa haya katika majimbo ya Uttar Pradesh, Haryana na Rajasthan kutokana na hewa chafu ya eneo la Delhi. Desemba mwaka huohuo ikaviruhusu viwanda vya saruji kuendelea kuyatumia.

Yale yenye salfa kidogo hayachomwi hovyo. Huokwa kwa zaidi ya nyuzi 1200, yakatengenezewa anodi, yaani mapande ya kaboni ya kupitishia umeme, za kuyeyushia alumini. Tani moja ya alumini hula karibu nusu tani ya kaboni hiyo.

Kwa wanaoishi jirani na ghala au bandari, kero ya kwanza ni vumbi. Mwaka 2013 wakazi wa kusini-mashariki mwa Chicago walililalamikia vumbi jeusi lililopeperuka kutoka marundo ya kando ya mto Calumet hadi majumbani mwao. Rundo linapaswa kufunikwa, au angalau kunyunyiziwa maji, na malori kufungwa turubai kabla hayajatoka getini.