Umahiri wa kusoma ni nini, na mwalimu wa darasa la kwanza anaupangaje

Umahiri wa kusoma ni uwezo wa mtoto kukutana na maandishi ambayo hajawahi kuyaona, akayasoma, akayaelewa na akayafanyia kazi. Kila sehemu ya maelezo hayo ina uzito wake, lakini inayosahaulika upesi ni hiyo ya maandishi ambayo hajawahi kuyaona. Mtoto anayesoma bila kukwama ukurasa ambao darasa zima limeuimba wiki nzima ameonyesha kumbukumbu nzuri. Umahiri bado hajauonyesha.

Naandika nikiwafikiria walimu wa darasa la kwanza na la pili wa Nyamagana, Ilemela, Magu, Sengerema na Ukerewe, mkoani Mwanza. Wamekabidhiwa muhtasari mpya wa somo, wameambiwa wafundishe kwa umahiri, kisha wamerudi darasani na kukuta watoto ni wale wale, ubao ule ule, na vitabu havitoshi. Wanastahili maelezo ya kitu cha kufanya Jumatatu asubuhi.

Mitaala yetu imekuwa ikizungumzia umahiri tangu 2005. Mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili yakaelekezwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na ufundishaji wa kusoma ukawekewa mkazo kwenye sauti za herufi. Januari 2024 mtaala ulioboreshwa ukaanza na elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu, sambamba na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023. Katika mpango huo elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027, pamoja na wale watakaomaliza la saba kwa utaratibu wa zamani. Kwa mwalimu wa kusoma maana yake ni moja: mwaka wa akiba umeondoka. Zamani mtoto aliyefika la nne akibabaisha silabi alikuwa na muda kidogo wa kusaidiwa njiani, sasa muda huo umepungua, na kazi yote inarudi kwenye madarasa mawili ya mwanzo.

Fungua muhtasari uone umepangwaje. Kuna umahiri mkuu, chini yake umahiri mahususi, halafu shughuli za kujifunza, mbinu, vigezo vya upimaji, rasilimali na idadi ya vipindi. Wengi huanza kusoma kutoka kushoto, wakachukua shughuli, wakatafuta ukurasa wa kitabu unaofanana nayo, somo likawa limepangwa. Ushauri wangu ni kuanzia upande wa pili, kwenye vigezo vya upimaji. Jiulize: mwisho wa vipindi hivi, mtoto nikimwita mbele peke yake, nitamwona akifanya nini? Ukishapata jibu hilo, na likawa ni tendo linaloonekana au kusikika, rudi nyuma uchague shughuli itakayomfikisha hapo. Andalio la somo lililoandikwa kwa mwelekeo huo huwa fupi, na hata mwalimu mwingine akilichukua siku umeugua, anajua afanye nini.

Tuchukue mfano. Kitabuni kuna picha ya mama jikoni, chini pameandikwa: Mama anakaanga samaki. Watoto wameisoma kwa pamoja, wameisoma kwa safu, na mmoja mmoja anasimama kuisoma vizuri. Sasa funga kitabu, andika ubaoni: Samaki anamkaanga mama. Mwite mtoto asome. Aliyesoma kweli ataanza, atasita katikati, kisha atacheka na kukuambia, "Mwalimu, samaki hawezi!" Aliyekariri atakusomea kwa sauti ya uhakika kabisa, "Mama anakaanga samaki," huku kidole chake kikiwa juu ya neno samaki. Wapo pia wanaotamka sentensi yote sawasawa bila uso kubadilika. Hao herufi wanazijua ila maana haijawafikia, na wanahitaji msaada tofauti kabisa na wale waliokariri. Sentensi moja, dakika chache, na umepata makundi matatu ya watoto ambayo jaribio la kuandika lisingekuonyesha.

Hapo ndipo somo linapobadilika. Tuseme kipindi ni cha herufi mwambatano nd. Mpangilio niliouona mara nyingi ni mwalimu kuandika nda nde ndi ndo ndu, watoto kuitikia mara nyingi, kisha kunakili kwenye daftari. Kuitikia kuna kazi yake, sauti lazima isikike kabla ya kusomwa, kwa hiyo sisemi kuachwe. Lakini kukomee dakika za mwanzo. Kisha wape kadi za silabi zilizokatwa kwenye maboksi: nda, ndi, ndo, pa, zi, o, ki, do, ma. Kila kundi liunde maneno. Watapata ndizi, ndoo, panda, ndama, kidonda. Watakuja pia na ndopa, ambalo halipo, na hilo lina faida kubwa kwako, kwa sababu mtoto anayeweza kusoma ndopa amesoma herufi zenyewe. Hakuna mahali angeweza kulikariri. Mwisho wa kipindi kila kundi lisome neno lililoundwa na kundi jingine. Kigezo cha upimaji sasa kinajiandika chenyewe: mwanafunzi anasoma maneno mapya yenye nd na kueleza maana ya yale yenye maana.

Maneno ya mfano yatoke wanakoishi watoto. Huku kwetu usihangaike kutafuta: dagaa, sato, sangara, furu, mtumbwi, nyavu, karabai, mwalo, kivuko. Mtoto wa Kayenze au Igombe anapofika kwenye neno karabai, yaani taa ya wavuvi, tayari anajua linamulika nini na usiku gani halitumiki, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwenye giza na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika. Nguvu yake yote inabaki kwenye kusoma herufi. Maneno ya mbali nayo yafundishwe, maana msamiati lazima ukue, lakini usimpe mtoto mzigo wa herufi mpya na maana mpya kwa wakati mmoja.

Kuna jambo linalohusu mkoa wetu hasa, nalo silioni likipewa nafasi inayostahili kwenye mafunzo. Watoto wengi wa Mwanza wanaanza shule wakiwa na Kisukuma kinywani, wengine Kikerewe, Kijita, Kizinza au Kikara. Msukuma mdogo kutoka Kwimba akiona karibu atasoma "kalibu", na akiandika imla ataandika malashi badala ya marashi. Je, huyo hajui kusoma? Anajua. Ameiona r, ameitambua, ameitamka kwa sauti ambayo ulimi wake unayo. Ukimuuliza maana ya karibu, atakukaribisha. Kumkatisha kila neno kunavunja ufasaha wake na kumfanya aogope kusoma kwa sauti, na mtoto anayeogopa kusoma kwa sauti humsikii tena, basi humpimi tena.

Lakini halipuuzwi pia. Lipangie kipindi chake peke yake, kwa maneno ambayo r na l zinabadilisha maana: kula na kura, mahali na mahari, kalamu na karamu. Watoto wasikie kwanza wakiwa wamefumba macho, wanyooshe mkono wakisikia kura. Kutamka kufuate, kuandika kuje mwisho. Hivyo hivyo kwa dh na th: mtoto anayesema "zahabu" na "selasini" anahitaji kuusikia utofauti kabla ya kudaiwa autamke. Na yapo maeneo ambayo lugha ya nyumbani inambeba. Sauti ng' inayowatesa wanafunzi wa sehemu nyingine, kwa Msukuma ni ya kila siku. Anzia ng'ombe, na darasa lote litakwenda mbele yako.

Ufasaha nao una kigezo, na kigezo hiki hueleweka vibaya. Nchi ilipoweka shabaha ya kusoma kwa darasa la pili wakati wa mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, ilikuwa maneno 50 kwa dakika pamoja na ufahamu wa asilimia 80. Watu wakashika ile 50. Wengine wakaanza kuwafundisha watoto mbio. Sababu ya kujali mwendo ni kwamba mtoto anayevuta silabi moja moja hufika mwisho wa sentensi akiwa amesahau mwanzo wake, hivyo maana haiwezi kujengeka. Mwendo unatafutwa kwa ajili ya maana. Mtoto wa maneno 40 anayejibu maswali yote kuhusu alichosoma yuko mahali pazuri kuliko wa maneno 70 asiyejua habari ilimhusu nani, na mwalimu asione haya kuandika hivyo kwenye kumbukumbu zake.

Swali la haki ambalo walimu wa mjini huuliza ni la idadi ya watoto. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, mkondo wenye watoto mia moja na zaidi umekuwa jambo la kawaida kwenye shule za mjini, na upimaji wa mmoja mmoja unaonekana ndoto. Haufanyiki kwa siku moja, hilo ni kweli. Wasikilize watano kila siku wakati wengine wanafanya kazi ya kadi au wanasomeana wawili wawili. Kwa siku tano za shule ni watoto 25, kwa wiki nne ni 100. Kila mtoto amesikilizwa mara moja kwa mwezi, na kila aliyesikilizwa ameandikiwa mstari mmoja. Anza na wale wanaojificha nyuma. Wanaosoma vizuri watakuja wenyewe mezani kwako.

Kiingereza kinahitaji tahadhari fupi. Sasa kinaanza kama somo darasa la kwanza, ambapo kwenye mtaala wa 2015 kilianza la tatu. Herufi ni zile zile lakini irabu zake hazitulii kama za Kiswahili. Mwezi ambao mtoto bado anashika a e i o u za Kiswahili, Kiingereza kiwe cha kusikia, kuimba na kuzungumza, na chati zake zikae ukuta mwingine.

Sasa, mwalimu anasaidiwaje kufika huko? Semina ya siku chache ukumbini, yenye maelezo ya falsafa ya mtaala, humwacha mwalimu akiwa na cheti na andalio lile lile la zamani. Utaratibu wa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, umeweka njia iliyo bora: walimu wanakutana shuleni kwao au kwenye kituo cha walimu, katika jumuiya za ujifunzaji, wakizungumzia kazi yao wenyewe. Ukiendeshwa inavyopaswa, una nguvu sana. Mkutano wa kwanza walimu waje na andalio moja la kusoma walilokwisha kulifundisha na daftari tatu za watoto, la anayeweza, la wa kati na la anayesuasua. Waulizane andalio hilo lilimfanya yule wa tatu afanye nini. Waliandike upya pale pale. Wiki hiyo mmoja alifundishe na mwenzake akae nyuma, kazi yake ikiwa moja tu: kuandika watoto wanafanya nini, siyo mwalimu anasema nini. Wakikutana tena wanayo ya kujadili.

Mwalimu mkuu, Afisa Elimu Kata na mthibiti ubora wanaweza kulikuza hili au kuliua kwa swali la kwanza wanaloliuliza wakiingia. Wakianza na azimio la kazi, yaani mpango wa masomo ya muhula, na kama limegongwa muhuri, shule yote itajipanga kwa ajili ya mafaili. Wakimwomba mwalimu awaitie watoto watatu wasome sentensi ambayo haimo kitabuni, kila mtu atajua kinachohesabika. Nyaraka zikaguliwe, zina kazi yake, ila baada ya hapo.

Jambo la mwisho ni la kumbukumbu za mtoto anayehama, na kandokando ya ziwa wanahama sana. Familia za uvuvi hufuata samaki: miezi kadhaa Ukara, kisha Ukerewe, kisha mwalo wa karibu na mjini. Mtoto anakuja na barua ya uhamisho iliyoandikwa Kusoma 62. Mwalimu anayempokea hajui aanzie wapi, na mara nyingi humweka mwanzo kabisa au humwacha afuate wenzake. Ile mistari michache ya usikilizaji ingeambatanishwa, angepokea kitu kama hiki: anasoma silabi zote za konsonanti na irabu, anasoma mb na nd, bado mw na ny, anaelewa anachosoma, r anaitamka l, anasoma kwa kujiamini akiwa na mwenzake. Kwa maelezo hayo mwalimu mpya anajua kipindi cha kesho asubuhi aanze na kadi zipi.