Je, wajua kwa nini hisa za kampuni husimamishwa ghafla sokoni?

Hapa Lubumbashi lithiamu ya Manono, madini ya kutengenezea betri, haikosi wa kuizungumzia. Kisichosemwa sana ni kwamba huko Australia watu walionunua hisa za AVZ Minerals, kampuni iliyodai sehemu kubwa ya mradi wa kuichimba, walikaa miaka miwili bila kuruhusiwa kuuza hata hisa moja sokoni. Hisa zenyewe zilikuwa Australia kwa sababu Kongo haina soko la hisa, na makampuni yanayochimba kwetu hutafuta mtaji Sydney, Toronto au London.

Bei ya hisa huendeshwa na habari. Mkurugenzi akijua leo kwamba leseni ina matatizo, naye akauza kimyakimya, hasara itamwangukia mnunuzi asiyejua kitu. Ndiyo maana soko husimamisha biashara: hakuna anayeuza wala kununua mpaka wote wapate habari ileile. Mara nyingi ni suala la saa chache, na kampuni yenyewe ndiyo huomba.

AVZ nayo iliomba, Mei 2022, hisa ikiwa senti 78 za Australia. Ilikuwa na mvutano na Zijin, kampuni ya madini ya China, na Cominière, kampuni ya serikali yetu, kuhusu nani ana sehemu gani ya mradi. Ni kama kiwanja cha hapa mjini chenye watu wawili, kila mmoja na karatasi zake: mtu mwenye akili hatoi pesa kabla karatasi hazijachunguzwa. Ila uchunguzi huo haukuisha.

Sababu nyingine ni hesabu za kampuni kucheleweshwa, au uvumi unaopandisha bei. Kisa cha Marekani kinachekesha. Machi 2020, watu walipoanza kufanya mikutano kwa Zoom, baadhi ya wawekezaji walivamia hisa za Zoom Technologies, kampuni nyingine kabisa, kwa kuchanganya majina. SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani, ikazisimamisha. Sheria inairuhusu kufanya hivyo kwa siku 10 za kazi kwa mara moja. Hisa za Kenya Airways ndizo zilizosimamishwa muda mrefu sana: kuanzia Julai 2020, serikali ikipanga kuitaifisha, hadi Januari 2025.

Wadhibiti husema wanamlinda mwekezaji. Mimi naona anayelindwa ni yule ambaye hajanunua bado. Aliyekwisha nunua amefungiwa ndani, hata akiwa na mgonjwa nyumbani au karo ya kulipa.

Kanuni za soko la Australia huiondoa kampuni iliyosimamishwa miaka miwili mfululizo. Mei 2024 AVZ ikaondolewa. Wenye hisa bado ni wamiliki kisheria, lakini anayetaka kuuza sasa lazima amtafute mnunuzi mwenyewe na wapatane bei, bila soko la kuwaonyesha hisa hiyo ina thamani gani.