Majani ya Mwaloni Ndani ya Hariri: Vitambaa vya Mapazia vya Enzi ya Malkia Victoria

Sisi wahifadhi wa vitambaa vya kale huulizwa swali moja kila mara mgeni anaposimama mbele ya pazia la hariri la Uingereza ya karne ya 19: maua haya yamechapwa au yametariziwa? Hayakuchapwa wala kutariziwa. Yamefumwa, yakazaliwa pamoja na kitambaa chenyewe.

Tazama damaski iitwayo "Oak", yaani mwaloni, aliyoibuni William Morris, msanii na mbunifu wa Kiingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Katika damaski, nyuzi za mtande hutandazwa kwa urefu na mshindio hupita kwa upana. Penye jani, mtande huachwa juu, ukateleza na kung'aa kama kitambaa cha atlasi. Pembeni yake mshindio ndio unaotawala. Kwa kuwa hariri hurudisha mwanga kufuatana na uzi ulivyolala, hata kitambaa cha rangi moja huonyesha mchoro. Sogea hatua mbili, na jani lililokuwa likimeta huingia kivulini. Mimi sijawahi kuuchoka mchezo huo.

Nani alimkumbusha mfumi uzi upi ainue? Kadi zilizotobolewa, ufundi ambao Joseph Marie Jacquard wa Lyon, Ufaransa, aliukamilisha mwanzoni mwa karne hiyo. Penye tundu, kulabu ya mtambo wa kufumia hupanda na uzi wake. Pasipo tundu, hubaki chini. Kila mpito wa mshindio una kadi yake, na mchoro mkubwa huhitaji kadi nyingi mno. Morris alipotaka kuanza kazi hii mwaka 1877, alimwajiri mfumi kutoka Lyon, Louis Bazin. Mwaka 1881 akahamishia karakana zake Merton Abbey, karibu na London, kando ya mto Wandle.

Lakini ua lichorwe vipi? Hapo palikuwa na ubishi mkali. Katikati ya karne wengi walipenda mawaridi makubwa yenye vivuli, kana kwamba ungeweza kuyachuma. Mwaka 1856 Owen Jones, msanifu majengo na mbunifu wa mapambo, alipinga: ua la asili lisinakiliwe, bali umbo lake lisanifiwe upya ili lifae kazi linayopambia. Alikuwa na hoja. Pazia huning'inia kwa mikunjo na kiti hukaliwa. Kivuli cha kuchorwa hugombana na kivuli cha kweli. Hariri alizobuni Jones miaka ya 1870, zilizofumwa na kampuni ya Benjamin Warner, zina mpangilio mkali wa kijiometria. Kwa maoni yangu Morris alimpita: michoro yake nayo ni bapa, ila shina linakua, linapinda, linatafuta nafasi.

Rangi nazo alizihangaikia. Tangu mkemia William Perkin agundue rangi ya zambarau ya maabara mwaka 1856, madukani zilijaa rangi kali, na nyingi zilipauka vibaya. Morris akaenda mji wa Leek kwa Thomas Wardle, mtia rangi vitambaa, kujifunza upya rangi za mimea, nili ikiwemo.

Hata hizo haziwezi kushindana na jua. Mwanga hupausha rangi na kuuozesha uzi wa hariri wenyewe, ndiyo maana vyumba vyetu vya maonyesho vina taa hafifu. Mwenye hariri ya zamani nyumbani aizungushe kwenye bomba pana, mahali penye giza na pakavu, badala ya kuikunja: uzi huanza kukatika pale pale penye mkunjo.