Saratani ni Seli Isiyojua Kusimama: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: "Seli za saratani hugawanyika haraka kuliko seli zote mwilini."

Hii imeenea kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayopotosha zaidi. Zipo seli zenye afya zinazoziacha mbali seli nyingi za saratani kwa kasi. Utando wa ndani wa utumbo mdogo hujifanya upya kila baada ya siku 3 hadi 5, nao uboho wa mifupa huzalisha chembe nyekundu za damu zipatazo milioni 2 kila sekunde. Ila seli hizo huanza zikiagizwa na huacha zikiambiwa basi. Ukijikata kidole, seli za ngozi hugawanyika hadi jeraha lifunge, kisha hutulia. Seli ya saratani haitulii. Saratani nyingi za tezi dume huenda polepole mno, miaka ikapita bila dalili yoyote, lakini kugawanyika kwake hakuna kikomo.

Hapo ndipo unapoelewa kwa nini wagonjwa wengi hunyonyoka nywele wakitibiwa kwa dawa za kemikali. Nyingi kati ya dawa hizo hushambulia seli yoyote inayogawanyika, na zile za mashina ya nywele, utando wa mdomo na uboho huumia pia.

Dhana: "Hitilafu moja tu kwenye jeni, basi umeshapata saratani."

La. Kabla ya kugawanyika, seli hupita kwenye vituo vya ukaguzi. DNA, yaani maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya seli, ina dosari? Imenakiliwa yote? Kromosomu, yaani vifurushi vya DNA hiyo, zimeshikwa sawasawa ili kila seli mpya ipate fungu lake kamili? Leland Hartwell, Tim Hunt na Paul Nurse walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2001 kwa kugundua wasimamizi wakuu wa mzunguko huo wa kugawanyika kwa seli. Mlinzi anayejulikana zaidi ni protini iitwayo p53. DNA ikiharibika, huisimamisha seli ili irekebishwe. Ikishindikana, huiamuru ife. Jeni ya protini hii imeharibika katika takriban nusu ya saratani za binadamu.

Hata hivyo, jeni nyingi tunazo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mwaka 1971 Alfred Knudson, akichunguza retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo, alipendekeza kwamba saratani hiyo hutokea baada ya mapigo mawili. Baadaye ilithibitika kuwa mapigo hayo huharibu nakala zote mbili za jeni iitwayo RB1, inayozuia seli kugawanyika ovyo. Mtoto aliyerithi nakala moja mbovu amebakiza pigo moja tu, ndiyo maana huugua mapema, mara nyingi macho yote mawili. Saratani nyingi nyingine hungoja hitilafu kadhaa zirundikane katika ukoo uleule wa seli, na hilo huchukua miaka. Hivyo hatari hupanda kadiri umri unavyosogea.

Dhana: "Kwetu hakuna aliyewahi kuugua, kwa hiyo niko salama."

Saratani zinazotokana na jeni mbovu za kurithi ni kama asilimia 5 hadi 10 tu. Zilizobaki hutokana na hitilafu za maishani: moshi wa tumbaku, mionzi ya jua, virusi, hata makosa ya kawaida ya kunakili DNA.

Dhana: "Saratani inaambukiza."

Hii inaniuma, kwa sababu humfanya mgonjwa atengwe na watu wake wakati anapowahitaji mno. Kumshika, kula naye au kumwogesha hakukupi saratani. Kinachoweza kuambukiza ni baadhi ya virusi, kama HPV, virusi vinavyoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Aina zake hatari, hasa ya 16 na ya 18, hutengeneza protini mbili: E6 huiangamiza p53, na E7 huilemaza protini ya RB1. Walinzi wawili huondolewa kwa pamoja. Mara nyingi kinga ya mwili huvimaliza virusi hivyo. Visipoisha, kwa mwanamke mwenye kinga imara saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kujitokeza, na katika muda huo wote seli zilizoanza kubadilika zinaweza kuonekana kwa uchunguzi na kuondolewa.