Kushinda Mnada wa Jina la Kikoa Kunamfunga Mshindi

Ujumbe unaozunguka katika makundi ya gumzo hudai kwamba aliyeshinda mnada wa mtandaoni wa jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, hawajibiki kwa lolote hadi alipe, na kwamba hata akishalipa ana siku tano za kubadili mawazo. Madai hayo si sahihi.

Katika sheria za uuzaji wa bidhaa zenye asili ya Uingereza, ambazo Kenya na Tanzania zimezirithi, mauzo ya mnada hukamilika nyundo inapogongwa, na mnunuzi anaweza kuondoa dau lake, yaani bei aliyoitaja, kabla ya hapo tu. Mtandaoni hakuna nyundo. Kazi yake hufanywa na saa ya kufunga mnada pamoja na masharti ambayo mshiriki aliyakubali, mara nyingi bila kuyasoma, alipofungua akaunti. Aghalabu masharti hayo husema wazi kwamba dau ni ahadi ya kununua, na asiyelipa anaweza kufungiwa akaunti au kudaiwa. Kifungu cha malipo ndicho cha kukaguliwa kabla ya kutaja bei.

Siku tano zipo kweli, lakini ni za msajili, yaani kampuni inayosajili majina ya kikoa, kufuta jina la .com lililosajiliwa punde, hazihusu mnada. Mkanganyiko mwingine, unaoeleweka zaidi, hutokana na majina yaliyoisha muda: mwenye jina wa awali akilihuisha kwa wakati, mnada huweza kutenguliwa na mshindi kurudishiwa fedha zake, jambo ambalo halitokani na hiari ya mshindi. Aliyejuta anaweza kumwomba muuzaji amwachilie, naye muuzaji ana haki ya kukataa.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo, na ukiupokea, mweleze aliyekutumia.